Upande Gani wa Nyumba

Moshi, Jumapili

Kwa Dada Eveta,

Shikamoo, dada. Huenda usiitikie, maana hata simu zangu huzipokei tangu tulipomzika baba pale nyumbani, au niseme tangu mlipomzika, kwa kuwa mimi sikuwepo. Nilikutumia ujumbe kwamba naumwa. Hilo nitalirudia. Ndiyo maana nimeamua kuandika, barua haikatwi katikati kama simu. Masasi mnaendeleaje? Mgongo bado unakusumbua ukiinama kuokota korosho? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima.

Bado napanga chumba kilekile hapa mjini. Majirani ni watu wema, wananigawia ndizi, lakini wakikaa uani wanaongea Kichagga, nami nacheka wenzangu wakishamaliza kucheka. Jumapili kama leo natoka kanisani, napika wali wa mtu mmoja, kitu ambacho wewe hujawahi kukipika maishani mwako, na mpaka jua linazama hakuna aliyeniita jina. Kwa wateja mimi ni "dada wa vibao". Nina upweke, dada, siwezi kukuficha.

Kazi ni ileile ya kuchora na kusimika vibao vya kuonyesha njia. Miezi hii niko Marangu, kwenye miteremko ya mlima. Kule kila nyumba imejificha ndani ya shamba lake la migomba na kahawa, wenyewe wanaliita kihamba, na vijia vinapita katikati vikifanana vyote. Mgeni akitafuta zahanati anaweza kuzunguka mpaka akarudi alikoanzia. Wenyeji nao ukiwauliza hawasemi kulia wala kushoto, ni "panda juu" au "shuka chini", basi. Kamati ya kijiji ikanipa kazi ya kuweka vibao kutoka barabarani hadi zahanati. Inabidi nisimame kila njia panda nijifanye nimepotea, nione jicho linaangalia wapi kwanza. Sikuhitaji kujifanya sana.

Njia panda ya mwisho ilikuwa na vichaka vitatu vyenye majani marefu, vimeota mahali hasa nilipotaka nguzo isimame. Kuuliza si ujinga, baba alikuwa akisema, na mimi sikuuliza. Niling'oa vyote, nikachimba, nikamwaga zege, nikashuka zangu nikijisifu kwamba kibao kinaonekana tangu darajani.

Asubuhi nilipopanda kupaka rangi ya pili, nilimkuta bibi mmoja ameketi chini kando ya nguzo, mizizi iko mapajani. Ni mjane mwenye kihamba cha pale, Bibi Ndeanasia. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaniinulia ile mizizi niione. Kumbe vile havikuwa vichaka. Ni masale, mmea ambao Wachagga wanaupanda mpakani, na hayo aliyapanda baba mkwe wake siku alipowagawia ardhi wanawe wawili, yaani mume wa bibi na mdogo wake, baada ya ugomvi wa miaka. Hakuna hati, hakuna ramani. Mkataba wao ulikuwa ni yale masale, na kule hata mtoto anajua hayaguswi.

"Mwanangu," aliniambia, "umeng'oa neno la mkwe wangu."

Afadhali angenitukana. Kesho yake yule shemeji yake alikuwa ameshafunga ng'ombe wake hatua tano ndani ya upande wa bibi.

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyenieleza desturi yao. Aliyekosa anakata jani la isale, mmea uleule wa mpakani, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa jani hapaswi kukataa kusamehe. Nilimwomba anipelekee yeye, nikisingizia kazi nyingi. Akanitazama kama unavyonitazama wewe nikidanganya.

"Jani hili halitumwi," akasema. "Utalishika mwenyewe, usimame mlangoni."

Nikasimama. Bibi alikuwa akimkatia ng'ombe wake majani, akaendelea kukata mpaka mzigo ukatosha, kama vile sipo. Nilitamani kukimbia. Kisha akanawa mikono, akalipokea jani, akaniambia niingie. Alipakua kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, tukala sahani moja. Baadaye nilivunja zege langu mwenyewe kwa nyundo, tukapanda masale mapya palepale, mwenyekiti na yule shemeji wakishuhudia. Kibao kimehamia ng'ambo ya kijia, na zahanati inaonekana vizuri tu.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kilitokea tulipokuwa tunakula. Bibi aliniuliza habari za kwetu, nikamwambia baba amefariki mwaka huu. Kule mtu huzikwa kihambani mwake, karibu na nyumba, kwa hiyo akauliza kwa upole tu, bila nia mbaya:

"Baba yako amelala upande gani wa nyumba?"

Sikujua, dada. Nikarudisha ndizi sahanini, nikalia mbele ya mtu niliyekuwa nimemkosea.

Sasa nikuambie lile ambalo tayari unalijua. Sikuwa naumwa. Siku mbili mlizomweka baba mkinisubiri, mimi nilikuwa namalizia vibao vya hoteli moja kabla ya ufunguzi, nikiogopa wasije wakampa mtu mwingine. Ile picha uliyoiona kwenye simu, nimesimama kando ya kibao nacheka, ilipigwa siku ileile mliyomzika. Na nilicheka kweli. Nilijiambia nitalia baadaye, na hiyo baadaye ikanikuta chumbani peke yangu, sina wa kulia naye. Sina la kujitetea.

Nisalimie shemeji. Nisalimie shangazi anayekaanga mihogo sokoni. Mzee wa kanisa aliyesimamia mazishi mpe shukrani zangu, ingawa zimechelewa.

Nimeomba ruhusa, nitafika korosho zikianza kudondoka. Jani sikulitia katika bahasha, nitakuja nalo mkononi, nisimame mlangoni kwako. Ukinisamehe, nishike mkono unipeleke kwa baba. Ukishindwa, usiseme neno lolote, dada. Ninyooshee kidole tu, nitakwenda mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Asteria