Historia ya Silinda Nne

9 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani. Lile goti lililovunjika bado linakusumbua wakati wa baridi? Mimi nipo. Kifua kinakoroma, lakini macho yanasoma.

Umeandika kwamba amepatikana mnunuzi wa pikipiki ya baba, naye anataka historia yake. Basi, ilitoka Japani mwaka wa sabini na mbili, silinda nne mstari mmoja, mabomba manne ya moshi, na breki ya diski mbele, ambayo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Mmiliki wa kwanza, mpima ardhi, aliiendesha bila oili hadi injini ikanoki, akaitupa gereji kwetu akisema tufugie kuku.

Mama alisema baba ameoa mke wa pili, tena mwenye midomo minne. Tuliifufua kwa miaka miwili. Kabureta nne zilitakiwa kupumua pamoja. Baba alizisikiliza moja moja, kipande cha mpira wa maji sikioni, kama daktari. Siku ilipokubali kuwaka, fundi cherehani wa jirani aliacha kushona, akasema hiyo si pikipiki, ni kwaya.

Kisha ile Jumamosi. Wewe uliendesha, baba alikaa nyuma yako. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Watu walisema ulikwenda mbio, nawe ukakubali, ukaomba radhi kaburini kwa baba. Mama alikufa hajakuita tena kwa jina lako la utotoni.

Mdogo wangu, hukwenda mbio. Asubuhi ile mimi ndiye niliyebadilisha cheni. Unaikumbuka klipu ya kiungo, ile inayofunga ncha mbili za cheni, tuliyoiita samaki. Baba alitufundisha, "Samaki haogelei kinyumenyume": kichwa kitangulie inakokwenda cheni. Niliivisha kwa chini, kichwa kikaelekea mbele ya pikipiki. Nilisahau kwamba kule chini cheni hurudi nyuma. Samaki akachomoka, cheni ikajisokota gurudumuni. Nilipoichomoa gurudumuni, haina klipu, nilielewa papo hapo. Nikanyamaza. Miezi mitatu baadaye nikaaga, nikasema nafuata kazi.

Mwandikie mnunuzi yote haya, na wanao uwasomee. Sikuombi msamaha, nisikutwike mzigo mwingine.

Msalimie shemeji. Kila barua unaniuliza narudi lini. Sitarudi.

Kaka yako