Mguu Niliouona Kwenye Nuru

Hekalu la Msituni, Julai 21

Mama yangu kipenzi,

Eti mtawa hamwamkii mtu, hata mzazi. Lakini nani ananiona? Shikamoo. Unyayo wako uliochanwa na gamba la konokono shambani unaendeleaje? Na dawa za kisukari unameza, au unawapa kuku? Mimi mzima, ila nyusi sina. Wameninyoa hadi hizo, nafanana na yai.

Mama, kumbe kutafakari ni mchezo wa watoto! Wenzangu wanahangaika na magoti. Prasit, yule aliyemaliza chuo, amelia kabisa. Mimi siku ya tatu tu nimeshafuta kichwa chote, ndani hamna wazo hata moja. (Mwalimu wangu wa darasa la sita angesema hapakuwa na kikubwa cha kufuta.)

Na jana, sikiliza hii: mwili ukawa mwepesi, nusura nipae nigonge feni. Ikaja nuru nyeupe, na ndani yake nikauona mguu wako umepona, laini kama wa msichana. Usimwambie mtu. Au mwambie jirani yetu bibi Chan, aliyesema sitamaliza wiki humu.

Mwanao wa pekee,
Khamphan

*

Nyumbani, Agosti 3

Mwanangu, ambaye siku hizi sijui nikuite mwanangu au Mheshimiwa Mtawa,

Nakupigia magoti kutoka huku huku. Hujambo? Unaupata usingizi? Mlo mmoja kwa siku, wewe uliyekuwa unakomba kikapu kizima cha wali wa kunata! Sisi salama. Mvua ni nzuri, miche imeshika.

Barua yako nimewasomea watu mara sita. Bibi Chan kahesabu mistari yake, ishirini na saba, kanunua bahati nasibu nambari hiyo, na imetoka! Sasa akipita nyumbani anainamia hata ngazi.

Yule binti wa afya wa kijiji alikuja. Kaona kidole kimekuwa cheusi, kaanza kelele: “Bi Bunlai, twende hospitali leo leo!” Nikamwambia, “Binti, mguu huu una mwenyewe anayeushughulikia.” Dawa nimezimwaga, maana kuzimeza ni kama kukudharau. Na kweli unapona. Hauumi hata chembe. Nimeuchoma sindano, kimya. Nuru yako inanifikia.

Wanasema mama hufika mbinguni kwa kushika joho la mwanawe mtawa. Mimi limeanza kunivuta mapema.

Mama yako mwenye furaha

*

Hekalu la Msituni, Agosti 9

Mama,

Shikamoo. Sina raha na barua yako. Prasit anasema mguu wa mwenye kisukari usiposikia sindano, hiyo si nafuu, ni hatari.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi nuru imekuja tena. Imesema uende hospitali. Imesema upesi. Tena imemtaja binti wa afya kwa jina, kwamba akusindikize.

Nenda, Mama.

Khamphan

*

Nyumbani, Agosti 14

Mheshimiwa Mtawa, mwanangu,

Hujambo? Mimi nina homa kidogo, lakini moyo umetulia.

Nimecheka. Unanipima imani, sivyo? Ndivyo walivyo watu waliofika mbali. Nuru haiwezi kuonyesha mguu mzima Julai, halafu Agosti ikataka daktari. Bibi Chan naye kasema ni mtihani. Weusi umefika katikati ya unyayo na unatoa harufu. Anasema ni uchafu unatoka. Wewe endelea kukaa na kutafakari, usitikisike. Na usije. Ukivunja mafungo yako ya msimu wa mvua kwa ajili yangu, mlango nitaufunga.

Mama yako asiyeyumba

*

Hekalu la Msituni, Agosti 18

Mama,

Leo salamu nazipunguza. Anayekukabidhi barua hii ni mjomba Sai, dereva wa hekalu, na gari hajalizima. Soma kwa sauti, bibi Chan asikie.

Sikuona nuru, wala mguu. Siku ile niliyosema nusura nipae, nilikuwa nimesinzia mpaka nikaanguka ubavu, Prasit akacheka. Kichwa changu hakijawahi kuwa kitupu hata dakika moja. Kimejaa samaki wa kuchoma, pikipiki na kidonda chako. Nilitaka tu usikie kwamba kuna kitu kimoja duniani ambacho mwanao ni hodari.

Leo nimemwambia mkuu wetu, Luang Pho. Nikamuuliza, “Kwani nikikaa kutafakari kwa bidii kweli, mguu wake hauwezi kupona?” Akanionyesha vidonge vyake vya presha, anavimeza kila asubuhi na uji. “Mimi nimekaa miaka arobaini,” akasema. “Goti likiuma, najua linauma. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ulidhani tunafanya nini humu, uganga?”

Mama, siku ya kuvishwa joho tulisomewa makosa manne yanayomtoa mtawa utawani moja kwa moja. La nne ni kujitangazia makuu ya rohoni huku unajua huna. Liko safu moja na kuua. Mimi siku hiyo nilikuwa nasikiliza tumbo. Luang Pho hakunifukuza, aliuliza tu, “Ulijua ni uongo ulipoandika?” Nikasema nilijua. Basi. Joho nimevua leo, na sitavaa tena maisha yangu yote. La kushika halipo, Mama. Nimelipoteza mimi.

Ningekuja mwenyewe na joho, ungepiga magoti usisikie. Ningekuja na suruali, ungesema nimeshindwa ndiyo maana nasema hivi. Kwa hiyo nimeandika.

Panda gari. Nitukane ukiwa njiani.

Khamphan

*

Wodi ya wanawake, Septemba 9

Khamphan,

Hujambo. Mimi nipo.

Wamekata chini ya goti. Daktari alisema ningekuja na vidole tu vyeusi, angekata vidole tu. Hilo alilisema mara moja, lakini mimi nalisikia kila siku.

Bibi Chan alikuja kuniona. Alikuwa na maneno mengi juu yako, nikamwambia anyamaze, kwamba barua ya kwanza tuliipenda sote, yeye kuliko wote. Akaondoka bila kula chungwa lake.

Mjomba Sai ananiambia umelala siku zote hizi kwenye benchi la nje ya hospitali, unaogopa kuingia, na unampa yeye uji aniletee. Uji una chumvi nyingi.

Leo usiingie. Nikikuona uso tu nitakusamehe, na hasira yangu bado sijaimaliza. Ni yangu, nina haki nayo. Njoo Jumapili.

Mama yako