Lakiri Niliyoikwangua kwa Kucha Yangu

Kambi ya kahawa, Ruiru
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zitawakuta wazima, wewe na mama na watoto, na kwamba baridi ya huko mlimani haijamzidi baba. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa uchungu, na leo sitakuficha.

Barua yako niliipata Jumatano. Umenigombeza, na umenigombeza vizuri. Unasema jirani yetu Mwakio alifika kwa likizo na ratili mbili za sukari na kitambaa cha mama, lakini bila redio niliyomwahidi baba. Ulipomuuliza, akasema muulizeni Mwadime mwenyewe. Unasema baba anakaa mlangoni akiuliza kile kitu kiko wapi, na kwamba sikio lake la kushoto limeziba kabisa, na la kulia sasa mnalipigia kelele. Halafu unauliza kama redio nimeinywa. Wakesho, ningeinywa, angalau ningelewa.

Redio nilinunua. Iko hapa chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye blanketi, na haisemi neno. Nitakueleza yote, ili ukimaliza kunigombeza uwe na wengine wa kuwagombeza.

Niliinunua Thika, siku ya Jumamosi, kwa Mhindi mmoja mwenye duka karibu na soko. Nilichagua ile ya betri kavu, maana huko kwetu umeme tutauona wajukuu wakiwa na mvi. Aliiwasha, ikasema vizuri, mpaka watu wakasimama mlangoni. Halafu akanipa kadi yenye mhuri wa duka, akaandika tarehe na namba iliyoko mgongoni mwa redio. Akaniambia, "Hii ndiyo garanti. Kitu ikiharibika kabla ya mwaka, wewe leta, kampuni tatengeneza bure."

Kadi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo kama chawa. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, kama cheti cha ubatizo. Karani wetu Yohana anajua Kiingereza na chumba chake kinafuata changu, lakini sikumpa aisome. Niliona aibu. Nilitaka watu wa kambi waone mhuri, wadhani nimesoma mwenyewe.

Siku ile ile, kabla ya kupanda basi, nilipeleka posta kadi ya salamu kwa wale wa redio huko Nairobi, ili wasome jina la baba. Unakumbuka baba anavyosema kila ukimsomea barua zangu? "Hii barua ni ya Mwadime lakini sauti ni ya Wakesho." Nilitaka safari hii asikie jina lake na langu kutoka kwa mtu asiyemjua, nchi nzima ikisikia. Mwakio angeondoka baada ya mwezi mmoja na redio, na salamu zingesomwa wakati imeshafika. Nilipanga vizuri, dada. Usiseme sikupanga.

Basi, tulipotoka Thika tukafika kwenye kizuizi cha askari. Siku hizi za hatari unajua hakuna safari bila kizuizi. Tukashushwa wote, mizigo chini, vipande vya utambulisho mkononi. Askari mmoja kijana akafungua blanketi langu.

"Hii ni nini?"

"Redio, afande."

"Ndani iko nini?"

"Mitambo, afande."

"Wewe umeiona hiyo mitambo?"

Nikasema sijaiona.

"Basi fungua tuione wote."

Mgongoni kulikuwa na skrubu nne, na juu ya moja ya skrubu hizo palikuwa pamemwagwa lakiri nyekundu, nta ya mhuri yenye alama ya kampuni. Askari hakuigusa. Alisimama tu na bunduki yake. Mimi ndiye niliyeikwangua kwa kucha, nikafungua skrubu zote kwa sarafu ya sumuni, upesi upesi, kama mtu anayemsaidia mwenye nyumba. Akachungulia ndani, akaona zile taa za kioo zinazoifanya redio iseme, na nyaya na vumbi la kiwandani. Akasema, "Funga." Nikafunga. Nikamshukuru, Wakesho. Nilimwambia asante. Hilo neno ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Wiki tatu redio ilisema vizuri hapa kambini. Wiki ya nne, siku chache kabla ya Mwakio kuondoka, ikakoroma kidogo kisha ikanyamaza. Nikabadilisha betri, kimya. Mwakio hakuweza kungoja, maana tikiti yake ya gari moshi ilikuwa imeshakatwa. Aliondoka na sukari.

Mimi sikuogopa. Nilikuwa na kadi. Nikaomba ruhusa kwa nyapara, nikairudisha Thika nikitembea kama mtu mwenye haki yake. Fundi wa duka akaiwasha, akatikisa kichwa. "Taa moja ya ndani imekufa," akasema. "Hii ni kosa ya kiwanda. Taa ina garanti ya miezi mitatu. Bure." Moyo wangu ukatulia. Kisha akaigeuza.

Mwenye duka akaitwa. Akaweka kidole pale palipokuwa na lakiri.

"Nani alifungua hii?"

"Mimi."

"Kwa nini wewe nafungua?"

Nikamweleza habari za kizuizi. Alinisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza. Akasema, "Mimi naamini wewe. Lakini kadi haijui askari. Nikipeleka Nairobi hivi, kampuni tarudisha kwangu." Akasema labda nikileta karatasi ya hao askari, yenye mhuri, kwamba ni wao walioamuru ifunguliwe, atajaribu.

Jioni ile ndipo nilipompa Yohana kadi. Mwezi mzima baadaye, fikiria. Akasoma taratibu. Betri hazimo katika garanti. Sanduku likivunjika halimo. Na garanti yote inakufa ikiwa lakiri imevunjwa na mtu asiyeruhusiwa.

"Askari hakuruhusiwa?" nikamuuliza.

"Askari ameruhusiwa na serikali," akasema Yohana. "Kampuni haikumruhusu. Na hata hivyo, aliyevunja ni wewe." Kisha akanirudishia kadi akaenda kula.

Kesho yake, Jumapili, niliikosa ibada nikaenda kizuizini. Yule kijana amehamishwa. Niliyemkuta ni koplo mwenye tumbo, amekaa kwenye kiti cha kukunja. Nikamweleza kwa heshima zote. Akawaita wenzake waje wasikie. "Huyu anataka serikali imwandikie barua ya redio." Wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Kisha koplo akaacha kucheka, akataka kipande changu na barua ya ruhusa. Ruhusa yangu ilikuwa ya jana yake. Nilikaa kwenye jua pale kando ya barabara mpaka saa kumi, ndipo wakaniambia niende zangu nisirudi tena na upuuzi.

Utasema nilipe nitengenezewe. Taa hiyo moja bei yake inakaribia mshahara wangu wa miezi miwili, na kabla haijatoka Nairobi sikio la baba litakuwa limefuata lile jingine. Likizo sina mpaka kahawa iishe kuvunwa. Nimelifikiria kila upande, dada.

Mwambie shemeji, kabla hajanunua ile cherehani anayoililia, asichukue kadi yoyote mpaka amepata mtu wa kumsomea yote, hata yale ya chini kabisa. Aulize nani anaruhusiwa kuifungua. Asione aibu. Aibu niliyoona mimi imetosha ukoo mzima.

Jana nilirudi Thika na redio mara ya mwisho, bila karatasi ya askari, kumwomba tu yule mwenye duka. Akakataa kwa upole, na upole wake ulinikasirisha zaidi. Nilikuwa nimepiga magoti nikifunga redio kwenye blanketi. Mlangoni wana redio yao kubwa ya kuvutia wateja, na ilikuwa saa ya salamu. Majina yakapita mengi, nikawa sisikilizi. Halafu nikasikia la kwangu.

Mwenye duka akaniangalia. "Ni wewe huyo?"

Nikasema ni mimi. Akanyoosha mkono akaongeza sauti. Nilisikiliza yote nikiwa bado nimepiga magoti, redio ya baba mapajani mwangu ikiwa kimya. Watu wa Thika walimsikia baba akisalimiwa, na wauza nyanya, na hata yule koplo labda. Asiyesikia ni mwenyewe.

Nisalimie mama, mwambie kile kitambaa nilikichagua mwenyewe. Nisalimie shangazi mkubwa anayepika chai ya kanisa, na mjomba mshona viatu, na mwalimu aliyenifundisha kuandika. Shemeji pia, pamoja na cherehani yake.

Sasa nakuomba jambo moja, ulifanye leo hii. Mkalishe baba mlangoni, usimame upande wake wa kulia, upige kelele hata majirani watoke, usome hivi kama yule bwana wa redio alivyosoma:

"Mwadime, mfanyakazi wa kahawa huko Ruiru, anamsalimu baba yake mpendwa, anasema yu mzima, hajamsahau, na atarudi."

Akisema ni sauti ya Wakesho, mwambie ndiyo.

Ni mimi ndugu yako,
Mwadime