Kufuli la Yozefina

Jumatatu, tarehe 4
Nimeficha jambo mwaka mzima: mdogo wangu Yozefina hakukosea. Uji, vidonge, kiti cha barazani, kama kila siku. Moyo wangu umechoka. Daktari ananihesabia wiki. Kichwa bado kizima, nashukuru.

Jumanne, tarehe 5
Mwaka jana alifungua barua pepe kwenye kompyuta yangu. Ukurasa ulikuwa wa bandia. Mwizi akapata neno lake la siri, akawaandikia ndugu zetu wa mji wa Ariwara kwa jina lake: nimelazwa, nisaidieni pesa. Hawakutuma kitu. Walikuja wenyewe, na kuku watano, wakilia tangu barabarani. Wakamkuta mzima, anatwanga sombe, majani ya muhogo! Tangu hapo anaitwa Mama Clic, kwa ule mbofyo wake mmoja. Anacheka nao. Kompyuta hajaigusa tena.

Alhamisi, tarehe 7
Nilimfundisha mwenyewe: usiandike neno la siri kabla ya kuona alama ya kufuli juu ya ukurasa. Aliangalia. Kufuli lilikuwepo. Kivinjari changu cha zamani kilikuwa na kasoro. Kilipokea cheti cha tovuti bila kuhakikisha nani amekitia sahihi, kama askari wa barriera, kizuizi cha barabarani, anayeridhika na muhuri wowote. Mimi mwalimu wa hesabu, nikanyamaza. Aibu.

Jumapili, tarehe 10
Ndugu wa Ariwara wamekuja kuniaga. Nyumba yetu yote hapa mtaani Saio imejaa kelele na harufu ya samaki. Nimefurahi. Shemeji akaanza: "Mama Clic, leo uko mugonjwa ao uko muzima?" Nikagonga fimbo chini. Nikawaambia kufuli lilidanganya, Yozefina alifanya sawa. Halafu vigelegele.
Yozefina akanitazama mimi mkubwa wake. "Mwaka muzima, Yaya! Na weye ulijua lini?"
"Nyuma," nikasema, yaani baada ya mwizi.
Uongo. Nilikula vizuri hata hivyo.

Jumatatu, tarehe 11
Wageni wameondoka. Mvua ndogo. Kivinjari kipya kimeingia. Yozefina anamwandikia binti yake wa Mahagi kwa kidole kimoja, miwani puani, anaimba.
Nimemwita. Amekuja na uji.
Nimemwambia. Habari ya kasoro niliisoma siku tatu kabla ya mwizi, na dawa yake ilikuwa toleo jipya la kivinjari. Sikulipakua. Mega za intaneti zilizobaki niliziweka kwa ajili ya kutazama mpira.

Tena tulifungwa.