Mchezo wa Kutafuta Sauti

Boko, Dar es Salaam
Ijumaa

Dada yangu Mauwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nurdin na watoto, na kwamba msimu wa korosho huko Newala umewaendea vizuri. Goti lako je? Bado unalikanda maji ya moto au hatimaye umekubali kwenda hospitali? Mie mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimekaa kuandika kwa kalamu kama enzi zile nipo bweni. Najua umekasirika kwamba sipokei simu zako. Nivumilie, nitakueleza.

Nilishakwambia kuwa kila Jumamosi nakusanya watoto wa mtaani kwenye baraza ya hapa ninapopanga, tunasoma vitabu vya hadithi, halafu tunafanya kitu kwa mikono. Safari hii nilichagua muziki. Nilisoma nao hadithi ya msichana aliyekuwa akiokota sauti na kuzitia kwenye kikapu: sauti ya mchi, ya mvua juu ya bati, ya cherehani ya mama yake. Baada ya hapo tukaanza kutengeneza vyombo vyetu. Ungewaona, dada! Makopo ya maziwa tuliyafunika nailoni tukaibana kwa mpira, yakawa ngoma. Vizibo vya soda tulivitoboa kwa msumari tukavitunga kwenye waya, vikawa njuga. Chupa za maji tulizitia punje za mahindi, zikawa manyanga.

Kati ya watoto hao kumi na wawili yupo Najat, ana miaka sita, binti wa Chausiku anayeuza vitumbua hapa njia panda. Mwembamba, mbishi, hachoki. Chupa yake alitia mahindi na vifungo viwili vya shati, maana alitaka ilie tofauti na za wenzake.

Jumamosi ya wiki juzi tulicheza mchezo wa kutafuta sauti. Mtoto mmoja anajificha na chombo chake, anakipiga. Wengine wamefumba macho, wanasikiliza, kisha wananyoosha kidole kule sauti inakotoka. Najat akaomba awe wa kwanza kujificha. Nilimwambia asivuke michongoma ya nyuma ya nyumba, kwa sababu upande wa pili kuna kiwanja ambacho mwenyewe alianza kujenga akaachia njiani. Aliitikia kwa kichwa, akakimbia. Mie nikabaki nawapanga wadogo wakae chini. Nikadhani ameingia nyuma ya banda la kuku.

Watoto wakafumba macho. Punde vidole vikanyooka, kimoja, viwili, halafu vyote, vyote upande mmoja, kwenye michongoma. Nikacheka, nikawaambia wamekosea, wasikilize tena. Wakanyoosha kulekule. Nikawatania, "Jamani, leo masikio mmeyaacha nyumbani?" Wakacheka nao. Ila Genoveva, msichana mpole wa miaka minane anayekaaga mstari wa mbele, hakucheka. Alifumbua macho, akaniangalia usoni, akasema, "Mwalimu, Najat analia."

Nilienda kwenye banda la kuku, hayupo. Nyuma ya tangi la maji, hayupo. Chooni, hayupo. Dada, hofu ile sijui nikueleze vipi. Naita jina lake huku watoto wamenizunguka, wote wanaongea kwa pamoja, wananivuta gauni, na mie sielewi wanachosema. Mwishowe Genoveva akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye tundu la michongoma.

Pale kiwanjani kuna shimo la choo ambalo halijajengewa. Lilikuwa limefunikwa mabati chakavu, na bati moja limezama ndani. Nikalala kifudifudi nikachungulia. Mvua zilikuwa zimeingiza maji mengi. Najat yumo, maji yamemfika shingoni, mkono mmoja ameshika mzizi, mwingine ameuinua juu na ile chupa, anaitikisa. Mdomo uko wazi kabisa. Macho ananiangalia mie.

Nilipiga kelele ambazo sijawahi kupiga. Leodegar, fundi mwashi anayejenga nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaja mbio na ngazi, akashuka na viatu vyake. Kabla hajamfikia, mzizi ukakatika, mtoto akazama. Nikaona maji tu. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, sijui kwa nini nilikuwa nahesabu. Leodegar akamwibua kwa kumkamata gauni, amelegea, midomo rangi ya majivu. Alimlaza kwa ubavu, akampigapiga mgongoni, mpaka mtoto akatapika yale maji machafu na kukohoa. Mie nilikaa kwenye tope.

Alilazwa hospitali zaidi ya wiki, maji yaliingia kifuani. Kila siku nilikuwa pale kwenye benchi, na kila nesi aliyefungua mlango nilidhani ananiletea msiba. Na unajua Chausiku alifanya nini? Alinikumbatia mbele ya ndugu zake, akawaambia bila mwalimu Hamida mwanangu angekuwa kaburini. Mtaa mzima umemlaumu mwenye kiwanja. Serikali ya mtaa imemwita, imemwamuru afukie shimo. Ni kweli ana kosa. Lakini mie nilikaa kimya, nikapokea shukrani.

Dada, sikusikia.

Watoto walionyesha sawasawa tangu mara ya kwanza. Najat alikuwa anatikisa na kulia, wote wanamsikia kutoka barazani, na mie mtu mzima niliye nao nikawaambia wamekosea. Masikio yangu yanakufa. Ilianza mwaka jana baada ya Idi, sauti nyembamba zikawa zinapotea moja moja: mlio wa simu, ndege wa asubuhi, mtoto anaponong'ona. Sasa ndani ya kichwa kuna kitu kinavuma kama friji bovu. Zile sauti unazonitumia WhatsApp nazifungua naishia kulia, maana naambulia mvumo tu. Watu nawasoma midomo. Watoto wakipiga ngoma zao, naweka kiganja sakafuni ili nihisi. Sikumwambia mtu. Niliogopa shuleni ninakofundisha wataniondoa, niliogopa kuitwa kiziwi, na zaidi ya yote niliogopa kunyang'anywa zile Jumamosi. Kwa woga wangu huo nusura mtoto wa mwenzangu afe.

Najat ametoka hospitali juzi. Jana nikaenda kwao. Nilimkuta Chausiku anakoroga unga wa vitumbua, nikamwambia yote: vile vidole, kicheko changu, masikio, mwaka mzima wa kuficha. Mwiko ukasimama. Kisha akageukia mlango wa chumba alicholala mtoto, akanipa mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika, ndipo nikajua anaongea. Sikujua kama ananifukuza au ananisamehe, na sikuthubutu kumwomba arudie. Nikaondoka kama mwizi.

Baraza nimeifunga. Alhamisi ijayo nina miadi na daktari wa masikio, na nimeahidi nafsi yangu kwamba baada ya hapo nitamweleza mwalimu mkuu. Naogopa, dada. Naogopa kuliko nilivyoogopa pale shimoni. Nakuomba uje, kama goti linakuruhusu. Keti nami kwa daktari, usikie anachosema, uniandikie. Halafu twende wote kwa Chausiku, umuulize alisema nini siku ile. Hata kama ni neno baya, niandikie hivyohivyo lilivyo.

Barua hii nampa jirani anayesafiri kesho. Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na majirani wote wanaoniulizia waambie nawakumbuka.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,
Hamida