Picha Iliyo Mkabala na Cherehani ya Mama

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, ila nimechoka. Wiki nzima tunazunguka shule mbalimbali na mkuu wetu wa chuo kuwavuta wanafunzi waje kusomea ufundi. Yeye anaongea, mimi nachomelea geti, maana kuongea unajua siwezi. Wanacheka, wanasema chuo chetu ni cha waliofeli.

Picha yangu ya kutangaza chuo pia imebandikwa mitaani. Mpiga picha alitaka nivue kofia ya kuchomelea ili uso uonekane. Nikatikisa kichwa, kwani ule mwanga unaunguza macho. Moyoni nilishukuru uso kufichika, kwa sababu Mama amewaambia majirani nasomea uuguzi.

Jana wakaibandika mkabala na kibanda chake cha ushonaji. Mteja akaitazama, akaziona nywele zangu za kusuka chini ya kofia.

“Mtoto wa kike na mageti! Mama yake sijui anaficha wapi uso.”

Mimi nilikuwa nyuma, nashona vifungo. Mama akasimamisha cherehani.

“Kile kiraka cha begani kwenye ovaroli nimekishona mimi,” akasema. “Uso wenyewe huu hapa.”

Asubuhi nimekuta ovaroli yangu imepigwa pasi.

Mwanao,
Kimya