Maelezo ya Tsehaynesh Bogale Kuhusu Mtandao wa Ghorofa ya Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tsehaynesh Bogale
Umri: Miaka 57
Kazi: Mpika injera (mikate mipana ya kikaangoni)
Makazi: Addis Ababa, jengo namba 14, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto
Tarehe: 13 Sene 2015 (kalenda ya Ethiopia), saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeulizwa kuhusu kuumizwa kwa Bwana Habtamu Fikre, mwalimu wa jiografia anayekaa ghorofa ya juu yangu. Aliyemsukuma ni Worku Tadesse, jirani yangu wa mlango wa kulia. Lakini naomba maelezo yaanzie nyuma kidogo, maana yakianzia kwenye ngazi lawama zote zitamwangukia Worku.

Binti yangu Mekdes anafanya kazi za ndani Beirut. Bibi mwenye nyumba humruhusu kupiga simu Jumapili tu, saa nane mchana, kwa dakika ishirini. Mwaka jana Habtamu alinijazia fomu ya mtandao wa nyumbani, tukakubaliana tuutumie wote wawili. Namba ya siri nilimpa mwenyewe. Ulikwenda vizuri hadi sikukuu ya Fasika, yaani Pasaka. Baada ya hapo ukaanza kusuasua. Nikikaa sebuleni nauona uso wa Mekdes umeganda, mdomo wazi, na sauti inakuja vipande vipande.

Nilipigia shirika la simu mara tatu. Waliniambia njia yao ni nzima, tatizo liko nyumbani. Nikajiuliza, nyumbani kuna nani mwingine zaidi ya Habtamu? Nikaanza kuchunguza. Jumanne na Ijumaa mtandao ulikuwa safi kabisa. Siku hizo napika injera za hoteli kutwa, na mahubiri ninayosikiliza kwenye simu hayakukatika hata mara moja. Na siku hizohizo Habtamu anafundisha mji wa Bishoftu, harudi hadi jioni. Nikaona nimemkamata. Nilipomkabili alisema, "Mama Tsehay, hata kwangu unakwama. Hebu tukaangalie kile kifaa cha mtandao kilicho kwako." Nikamjibu, "Kwangu huingii tena."

Mnamo Jumapili tarehe 11 Sene, saa nane na dakika tano mchana, Mekdes alipiga. Alikuwa analia. Nilisikia, "Mama, pasipoti yangu bibi ame..." halafu kimya. Hakupatikana tena.

Saa tisa majirani walikuja kunywa kahawa kwangu kama kawaida. Tulikuwa kwenye kikombe cha tatu, cha baraka, ambacho mtu hukinywa akiwaombea wenzake mema. Mimi nilisema, "Jengo hili lina mtu anayekula sauti ya mwanangu." Worku akauliza, "Mwalimu?" Nilitazama juu tu. Worku akaweka kikombe chini, akapanda. Nilimsikia Habtamu akisema, "Kaka Worku, ngoja basi nivae viatu." Kisha nikasikia kishindo. Nilimkuta kwenye kona ya ngazi, mkono umepinda, miguuni ana soksi tu.

Mnamo tarehe 12, saa tano asubuhi, mlimleta fundi, dada anayeitwa Rahel, aangalie nani anaiba mtandao. Aliingia jikoni, maana waya unaingilia huko na kifaa kiko kwenye rafu. Akasimama.

"Mama, huu mfuniko unakaa hapa siku zote?"

"Nisipopika. Wa zamani ulikuwa wa majani na udongo, ukavunjika. Huu ni wa alumini. Mwanangu alinitumia hela ninunue, zawadi ya Fasika."

Ni mfuniko wa kikaango cha injera, mpana kuliko kiti. Rahel aliusogeza kwa mikono miwili. "Umekijengea kifaa ukuta wa bati, mama yangu. Mawimbi yapite wapi, chini ya mlango?" Akaenda sebuleni na simu yangu. Mahubiri yakatoka bila kukwama. Akasema hapakuwa na mwizi.

Jumanne na Ijumaa mfuniko unakuwa juu ya kikaango, si kwenye rafu. Sikuliwaza hilo hata siku moja. Nilihesabu safari za Habtamu, za mikono yangu sikuzihesabu.

Jana jioni nilimpelekea Habtamu mchuzi wa shiro hospitalini. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kuomba msamaha. Nilipofika mlangoni, yeye ndiye aliyeanza. Aliniuliza, "Mekdes amepiga tena?" Nikasema bado. Naona aibu mpaka sasa hivi ninapowaeleza.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Worku alisukuma, lakini mimi nilimtuma kwa macho. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi: Tsehaynesh Bogale

Maelezo ya askari: Shahidi amesaini mbele yangu, saa tano na robo. Nimepokea kutoka kwake mfuniko mmoja wa alumini kama kielelezo. Nilimuuliza kama atataka kurudishiwa kesi ikiisha. Amesema atanijibu Jumapili, baada ya saa nane.

Sajini Bezabih Lemma